Tangazo limebandikwa. Bado kuna muda?

Matangazo ya serikali ya mji mdogo yanafanana popote duniani. Nembo juu, TANGAZO KWA UMMA kwa herufi kubwa, aya mbili zilizobanana, saini isiyosomeka na muhuri uliopigwa kishingo upande. Aliyeliandika hakukufikiria wewe. Alimfikiria mkaguzi atakayekuja mwakani kuuliza kama umma ulitaarifiwa, ili faili lifunguliwe na jibu litoke: ndiyo, ulitaarifiwa, nakala hii hapa.

Mimi ni msomaji sugu wa karatasi hizo. Nikipita penye ubao wa matangazo lazima nisimame, na tovuti ya halmashauri naifungua kama wengine wanavyofungua matokeo ya mpira. Watu wa masjala wakiniona wanajua nimekuja kuuliza kiambatisho kiko wapi, maana tangazo linasema "kama inavyoonekana kwenye kiambatisho" na kiambatisho hakionekani popote.

Huwa nasoma kuanzia chini. Kwanza tarehe ya kutolewa. Halafu siku ya mwisho ya kufanya chochote kinachotajwa humo ndani. Halafu naangalia leo ni tarehe ngapi. Nikishapiga hesabu hiyo ndipo napanda juu kujua jambo lenyewe ni lipi. Wenzangu wananicheka, lakini sababu ninayo: tangazo lililojaa maneno mazuri ambalo muda wake umepita ni kumbukumbu tu, na karatasi mbovu yenye siku tisa zilizobaki bado ina mlango wazi.

Matangazo yapo ya aina mbili, na yote huvaa sare moja. Kuna linaloarifu: maji yatakatika Jumatano, barabara fulani itafungwa, chanjo itatolewa kwenye zahanati, ofisi imehamia ghorofa ya pili. Hapo uamuzi umeshafanyika. Kazi yako ni kujaza ndoo au kubadilisha njia. Na kuna linalouliza: rasimu ya sheria ndogo, mapendekezo ya ushuru mpya, ramani ya mpango mji, makadirio ya bajeti, ombi la mtu kubadilisha matumizi ya kiwanja chake. Hapo uamuzi haujafanyika, au angalau kisheria haujafanyika, na mji unatakiwa kukusikiliza kabla ya kuendelea.

Tatizo ni kwamba sisi wakazi tunayapokea kinyume. Lile la maji linasambaa simu kwa simu ndani ya dakika chache, watu wanalaani, wanabishana, wanatuma sauti ndefu. Lile la ushuru mpya linakaa ubaoni wiki tatu likipauka jua. Miezi sita baadaye mtu anafika na risiti mkononi anauliza, "Hii ilipitishwa lini?" Ilipitishwa pale ulipopita ukiharakisha.

Chukua tangazo la kawaida kabisa la ardhi, la aina inayotolewa kila mahali kwa maneno yanayokaribiana. Linasema umma unataarifiwa kuwa mmiliki wa kiwanja namba fulani, kitalu fulani, ameomba kibali cha kubadilisha matumizi kutoka makazi kuwa makazi na biashara, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi kwa mkurugenzi ndani ya siku kadhaa tangu tarehe ya tangazo hili. Basi. Mistari mitano, hakuna picha.

Nani anajua namba ya kiwanja cha jirani yake? Tunajua kwa fulani, tunajua nyumba ya geti la kijani, tunajua pale kwenye mti. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma tangazo linalohusu ukuta wake wa nyuma na akaenda zake akidhani ni habari ya upande wa pili wa mji. Dawa ni kwenda ofisi ya mipango miji kuomba kuonyeshwa kiwanja hicho kwenye ramani, kazi ya muda mfupi tu ukimkuta mhusika mezani. Halafu "makazi na biashara": inaweza kuwa duka la daftari na kalamu chini, familia juu. Inaweza pia kuwa ukumbi wa sherehe unaopiga muziki hadi alfajiri. Tangazo halisemi. Michoro iliyoambatishwa kwenye ombi inasema, ndiyo maana unaomba kuiona. Halafu "kwa maandishi": maana yake malalamiko yako kwa mjumbe, manung'uniko yako kijiweni, hata hotuba yako kali kwenye mkutano wa hadhara, hayaingii kwenye faili. Kinachoingia ni barua. Na "tangu tarehe ya tangazo hili", si tangu siku uliyoliona. Kama lilisainiwa tarehe mosi likabandikwa tarehe kumi, siku tisa zimekatwa kwako. Hakuna aliyezipunguza kwa nia mbaya. Pengine gundi iliisha, pengine mwenye ufunguo wa ubao alikuwa likizo. Siku zimekwenda hivyo hivyo.

Ninapowaeleza watu haya, wengi hunijibu kwamba kusoma hakusaidii, wakubwa wataamua wanavyotaka. Siwezi kuapa kwamba wanakosea mara zote. Lakini kuna mji mmoja mdogo Marekani ambao habari zake huwa nazitaja hapo, kwa sababu unaonyesha kinachotokea mji mzima ukiamini hivyo.

Mji huo unaitwa Bell, uko kaunti ya Los Angeles, California. Una watu wasiofika elfu arobaini, wengi wafanyakazi wa kipato cha chini, wengi familia za wahamiaji. Mwaka 2005 wakazi waliitwa kupiga kura kuhusu kuubadilisha mji uwe na hati yake yenyewe ya utawala. Ni jambo kavu, la kisheria, la kumfanya mtu apige miayo. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400. Hati ikapita. Moja ya matokeo yake ilikuwa kuwaondoa madiwani chini ya ukomo wa mishahara uliowekwa na sheria ya jimbo.

Mwezi Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times liliandika kwamba meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa rais wa Marekani. Madiwani wa muda, ambao kazi zao nyingine ziko kwingine, walikuwa wakipata karibu dola 100,000 kila mmoja, sehemu kubwa ikiwa ni posho za kukaa kwenye bodi na mamlaka zilizokutana kwa dakika chache. Mkazi aliyewahi kuomba kujua mishahara hiyo alipewa karatasi yenye takwimu za uongo. Mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Kwenye mkasa huo watu hukumbuka mshahara. Mimi nakumbuka ile kura ya 2005. Tangazo la uchaguzi lilitolewa, vituo vilifunguliwa, maandishi yalikuwepo. Lilikuwa tangazo la kuuliza, na mji ulilipokea kama la kuarifu. Wachache waliokwenda wakajibu kwa niaba ya wote.

California yenyewe, la ajabu, ni moja ya mahali penye sheria kali za vikao vya wazi. Tangu 1953 ina sheria inayojulikana kama Brown Act, na kwa mujibu wake ajenda ya kikao cha kawaida cha halmashauri lazima ibandikwe saa 72 kabla, na madiwani hawaruhusiwi kuamua jambo lisilokuwemo kwenye ajenda, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Nakipenda sana kifungu hicho, maana kinaziba tundu ambalo kwingineko limeachwa wazi. Anayehudhuria vikao anaijua ile ajenda ya mwisho kabisa, "Mengineyo". Inafika watu wameshachoka, waandishi wameondoka, wageni wameaga, mwenyekiti anaangalia saa. Halafu mtu anainua mkono: "Mwenyekiti, kuna jambo dogo tu." Nimejifunza kutoondoka kabla ya jambo dogo tu.

Hata ajenda iliyobandikwa kwa wakati ina namna ya kusomwa. Usihangaike na sala, utambulisho na kuthibitisha muhtasari, ingawa muhtasari wa kikao kilichopita ndio unaokuambia waliahidi nini. Nenda kwenye mambo yaliyofungwa pamoja yapitishwe kwa kauli moja bila mjadala kwa sababu ni "ya kawaida". Mara nyingi ni ya kawaida kweli. Lakini kama ningekuwa na kitu ambacho sitaki kijadiliwe, humo ndimo ningekiweka. Angalia pia tangazo la zabuni: lilitangazwa siku ngapi kabla ya kufungwa? Zabuni ya ujenzi mkubwa iliyotangazwa Ijumaa na kufungwa Jumatano ina mtu ambaye alishajiandaa tangu mwezi uliopita.

Sasa bajeti. Hapa ndipo ile hesabu ya tarehe inapolipa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo watu wengi wanapochelewa bila kujua. Mfano mzuri ni Kenya, kwa kuwa kalenda yake iko wazi kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, hivyo mwananchi wa kawaida anaanza kusikia habari za bajeti ya kaunti yake mwezi Juni, hotuba inaposomwa na magazeti yanapoandika. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka ulitakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba mosi ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndani yake kila idara inawekewa ukomo wa matumizi, unatakiwa kufika kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Anayesimama mwezi Juni kudai zahanati ambayo haikuingia kwenye mpango wa Septemba, na ambayo idara yake ilishawekewa ukomo Februari, anaweza kupigiwa makofi na ukumbi mzima na bado asipate kitu. Kalenda za nchi nyingine zina tarehe nyingine, mantiki ni hiyo hiyo: tangazo la bajeti linalopigiwa tarumbeta ni la mwisho kwenye mlolongo, na yale ya mwanzo, yaliyokuwa na nafasi ya kuchezesha fedha, yalibandikwa kimya.

Na ukienda kwenye hiyo mikutano ya kutoa maoni, angalia karatasi ya mahudhurio inavyozunguka. Inaanza kuzunguka mapema, kabla hata mtu hajaeleza kilichowaleta. Jina, namba ya simu, saini. Wengine wanasaini wanaondoka kwa sababu wana shughuli zao. Mwishoni, karatasi hiyo ndiyo inayoambatishwa kwenye ripoti kama uthibitisho kwamba wananchi walishirikishwa. Sisemi usisaini. Mimi husaini nikiwa natoka, na nikitoa maoni naandika pia kwenye karatasi nyingine nikaikabidhi, kwa sababu nimewahi kusoma ripoti ya mkutano niliohudhuria na kukuta kwamba "wananchi waliunga mkono kwa kauli moja" jambo ambalo nusu ya ukumbi ulilizomea.

Kuna sehemu ya stori hii inayowahusu watumishi, na nisipoisema nitakuwa sijatenda haki. Wengi wao hawafichi kitu. Ofisa anaandaa mkutano, anabandika karatasi, anakodi gari la matangazo lipite mitaani na spika juu, anapanga viti mia mbili, na wanafika watu kumi na wawili, saba kati yao wakiwa watumishi wenzake. Ukiyaona hayo mara kwa mara, hata wewe utaanza kuandika matangazo kwa ajili ya faili tu. Anayetangaza anazoea kutosomwa, mkazi anazoea kutosoma, na kila mmoja anamlaumu mwenzake akiwa na ushahidi wa kutosha.

Lakini pale tangazo linapobeba namba ambayo mtu anaweza kuilinganisha na kitu anachokiona kwa macho yake, mambo hubadilika. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Uganda. Miaka ya 1990 serikali kuu ilikuwa ikipeleka ruzuku kwa shule za msingi kupitia ofisi za wilaya, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, mbali na mishahara. Uchunguzi uliofanywa kwenye shule 250, ukifuatilia fedha za miaka ya 1991 hadi 1995, ulikuta kwamba kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya walichostahili. Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani. Walimu wakuu wengi hawakujua hata kwamba fedha hizo zipo, kwa hiyo hawakuwa na la kudai.

Serikali ikaanza kuchapisha magazetini, kila mwezi, kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya. Baadaye shule zenyewe zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waliofuatilia jambo hilo, walikuta pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa magazeti zilinufaika zaidi. Baadhi ya wachambuzi waliokuja baadaye walikumbusha kwamba kulikuwa na mageuzi mengine ya fedha yakiendelea wakati uleule, hivyo si haki kulipatia gazeti sifa zote. Nakubali. Bado, fikiria mwalimu mkuu anayesoma gazetini kwamba wilaya yake imepokea fedha za mwezi huu, halafu anaangalia kabati lake la chaki lilivyo tupu. Hakuhitaji semina ya utawala bora. Alihitaji tarakimu moja na tarehe.

Ndiyo maana nina chuki binafsi na matangazo ya miradi yanayosema "ujenzi unaendelea vizuri" na "fedha zimetengwa". Kutengwa si kutumwa, kutumwa si kupokelewa, na kupokelewa si kutumika. Bango la mradi lenye jina la mkandarasi, thamani ya mkataba, siku ya kuanza na siku ya kumaliza lina maana kuliko kurasa kumi za taarifa kwa vyombo vya habari. Mtoto wa shule anaweza kulisoma na kusema: ilitakiwa iishe mwezi wa nne.

Nirudi kwenye yale matangazo ya kuarifu, maana nimeyasemea kana kwamba ni ya kujaza ndoo tu. Kuna siku yanakuwa ya kufa na kupona, na hapo tarehe inageuka kuwa saa.

Mwezi Mei 2000, mji mdogo wa Walkerton huko Ontario, Kanada, wenye watu wapatao 4,800, ulipata mvua kubwa. Maji ya mvua yaliingiza bakteria wa E. coli kutoka kwenye samadi ya shamba hadi kwenye kisima kimojawapo cha mji, na dawa ya klorini haikuwa ikitiwa inavyotakiwa. Tarehe 17 Mei maabara iliijulisha mamlaka ya maji ya mji kwamba sampuli zina vimelea. Tarehe 19 na 20 ofisi ya afya, iliyokuwa ikiona wagonjwa wa kuhara damu wakiongezeka, ilipiga simu kuuliza kama maji yana tatizo. Ikajibiwa kwamba maji ni salama. Tarehe 21 mganga mkuu wa eneo akachoka kusubiri na kutoa tangazo mwenyewe: chemsheni maji. Watu saba walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua.

Tume ya Jaji Dennis O'Connor iliyochunguza maafa hayo ilieleza kwa kirefu uzembe na uongo wa waliokuwa wakisimamia maji. Lakini ndani ya ripoti kuna jambo jingine lililonigusa mimi mpenzi wa matangazo: lile la tarehe 21 lilitolewa kupitia redio, na wakazi wengi hawakulisikia siku ile. Ilikuwa Jumapili ya wikiendi ndefu. Watu walikuwa bustanini, safarini, na waliendelea kunywa. Tangazo lilikuwa sahihi, fupi, lenye amri moja inayoeleweka, na limetolewa na mtu mwenye nia njema. Lilikosa miguu.

Kwa hiyo nikisikia mji umeamua kwamba kuanzia sasa matangazo yote yatakuwa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni tu, nauliza: na yule asiye na kifurushi? Na yule bibi anayesikiliza redio peke yake? Na yule asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi lakini haiwezi kumsomea picha? Maana hivyo ndivyo inavyofanyika siku hizi: karatasi inachapwa, inapigwa muhuri, inapigwa picha kwa simu ikiwa imelala upande, inapandishwa. Ukitaka kuisoma unageuza shingo. Maandishi yale yale yalikuwa kwenye kompyuta ya mtu dakika kumi kabla. Angeyanakili tu yakasomeka na kila simu. Dharura inahitaji redio, spika, ujumbe wa simu, misikiti, makanisa, na mtu wa kugonga milango. Tangazo la zabuni linaweza kuvumilia ukurasa mmoja.

Zamani sehemu ya kazi hii ya kutembeza habari ilifanywa na gazeti la mji. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye daftari aliyelipwa kukaa kwenye vikao virefu ili sisi tusikae. Marekani, watafiti waliofuatilia magazeti ya wilaya yaliyofungwa kati ya 1996 na 2015 walikuta kwamba, baada ya gazeti kufa, serikali za mitaa za eneo lile zilianza kukopa kwa riba ya juu zaidi, kwa kiasi cha asilimia 0.05 hadi 0.11. Kwa macho ni kidogo. Kwa mkopo wa kujenga mtambo wa maji unaolipwa kwa miaka thelathini si kidogo, na anayelipa ni mkazi. Wakopeshaji walielewa kitu ambacho wapiga kura hawakukiona: mahali ambapo hakuna anayesoma, kuna hatari zaidi.

Sehemu nyingi yule kijana mwenye daftari hakuwahi kuwepo. Tulicho nacho ni makundi ya simu ya mtaa, yenye kila kitu ndani: misiba, mbuzi aliyepotea, siasa, na tangazo la halmashauri lililotumwa mara tano bila mtu kulifungua. Ninachofanya mimi kwenye kundi letu ni kidogo. Nikiona tangazo la kuuliza, silitumi. Naandika mistari minne kwa maneno ya kawaida: wanataka kufanya nini, kitamgusa nani hapa kwetu, siku ya mwisho ni lini, barua inapelekwa ofisi gani. Halafu ndipo naweka picha ya karatasi chini yake, ili anayetaka kuhakiki ahakiki, kwani na mimi naweza kuwa na lengo langu. Mistari minne inasomwa. Wapo wanaonijibu kwa kidole gumba tu, na wapo wawili watatu wanaouliza swali la maana, na hao watatu ndio ninaokutana nao kwenye foleni ya masjala.

Maana mwisho wa yote huwa ni masjala. Nyaraka nyingi ambazo tangazo linazitaja bila kuzionyesha unaweza kuziomba, na sehemu nyingi ni haki yako kisheria. Sweden ilishaipa umma haki ya kuona nyaraka za serikali tangu 1766. Uganda ilitunga sheria yake ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005. Kenya na Tanzania zote mbili mwaka 2016. Kenya na Uganda zinampa ofisa siku 21 za kujibu, na Kenya inamtaka ajibu ndani ya saa 48 kama taarifa hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Tanzania inampa siku 30. Uingereza ina namna yake ninayoitamani: kila mwaka halmashauri inatakiwa kuviweka wazi vitabu vyake vya hesabu kwa siku 30 za kazi, na mkazi anaweza kuingia, kukagua, hata kudai kuona ankara na mikataba iliyo nyuma ya tarakimu.

Ukiandika barua ya kuomba, iwe fupi. Taja waraka kwa jina lake na mwaka wake. "Naomba taarifa kuhusu mradi wa soko" itakurudishia kipeperushi, "naomba mkataba wa ujenzi wa soko pamoja na hati za malipo zilizokwisha kuidhinishwa" itakuletea mkataba, au itakuletea sababu ya maandishi ya kunyimwa, ambayo nayo inakatiwa rufaa. Usieleze una hasira kiasi gani. Usimtishe mtu kwa jina la mkubwa unayemfahamu.

Na toa nakala mbili. Moja unamwachia karani, nyingine unamsogezea mezani na kumwomba aigongee muhuri wa "Imepokelewa", aandike tarehe, aweke saini. Atakuambia haina haja, barua imeshafika. Mwambie utasubiri. Kaa kwenye benchi kama muhuri uko chumba kingine, na akishaugonga hakikisha wino umeshika na tarehe inasomeka, kwa sababu zile siku 21 au 30 zitahesabiwa kutoka hapo.